Bunduki ya Mama Mkwe

Costancia alivunjika mkono akifukuza nguruwe pori, na kilichomuuma kuliko mkono ni kwamba nguruwe wenyewe hawakukimbia.

Alikuwa mjane wa kijiji kiitwacho Ulaya, huko Kilosa, mwenye shamba la mahindi kando ya kijito. Mwezi ule wa tatu mvua ilikuwa imeanza vizuri, na alikuwa amemaliza kupanda. Alfajiri moja akawakuta wanafukua mbegu, shimo kwa shimo, bila haraka, kama vibarua waliopewa kipande cha siku. Akawatokea na jembe juu, akiwatukana. Akateleza kwenye tuta, akaangukia kiganja, mfupa ukalia. Wale wanyama waliinua pua, wakamtazama pale chini, wakaendelea kula.

Jirani yake Bonifas alimpakia kwenye pikipiki mpaka hospitalini Kilosa, ambako mkono wake ulifungwa plasta ngumu kutoka kwenye vifundo vya vidole hadi karibu na kiwiko. Binti yake wa pekee, Editha, akaja kutoka Mikumi. Editha hakuuliza maswali mengi. Alibeba mfuko wa nguo za mama yake, akamwomba Bonifas aangalie shamba na kurudishia mbegu zilizoliwa, na jioni hiyohiyo wakawa Mikumi.

Editha alifanya kazi jikoni katika hoteli moja kando ya barabara kuu ya Iringa. Alitoka kabla jua halijachomoza, akarudi likizama. Mumewe Nickson alikuwa fundi wa runinga na ving'amuzi, na kibanda chake cha kazi kilikuwa ubavuni mwa nyumba. Ndoa yao ilikuwa bado changa, mtoto hawajapata, na nyumba ilikuwa ya vyumba viwili na sebule. Kwa hiyo kutwa nzima nyumba ile ilikuwa na watu wawili: mama mkwe na mkwe wake.

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Kwa malezi ya Costancia, mama mkwe na mume wa binti yake wanaheshimiana kwa umbali. Hawakai mkeka mmoja, hawali sahani moja, hawatazamani usoni. Nickson naye alikuwa amelelewa na bibi yake huko Rudewa, bibi mwenye desturi hizohizo, naye akazishika kuliko hata alivyofundishwa. Kila asubuhi alisimama nje ya mlango, akautazama mwimo, akasema, "Shikamoo, mama." Costancia akajibu kutoka ndani, "Marahaba, baba." Baada ya hapo ilikuwa kimya mpaka Editha arudi.

Kisha mvua zikakolea, kibanda kikaanza kuvuja, na Nickson akalazimika kuhamishia kazi zake sebuleni. Costancia alikaa chumbani, na kati yao palikuwa na pazia tu.

Katika vyombo alivyovihamisha palikuwamo mashine ya gemu. Mteja mmoja aliileta ikiwa imeungua, akahama mji kabla hajaifuata, na Nickson alipoifufua akakuta ndani yake umebaki mchezo mmoja tu, wa kuwinda. Mchana, mvua ikinyesha na wateja wakiwa hawaji, alikuwa akiucheza kwa sauti ya chini. Costancia alisikia mlio wa bunduki, kisha kimya kirefu, kisha mlio mwingine, akawaza kwamba binti yake ameolewa na mtoto. Alimhurumia Editha, na siku ya pili akamhurumia tena. Siku ya tatu akafungua pazia kidogo ili aone ni nini hasa anachokifanya mwanamume mzima.

Akaona pori. Lilikuwa pori la miti mirefu yenye majani kama sindano, ukungu umetanda chini, na nyasi zinacheza na upepo. Halikuwa na kelele wala purukushani. Mtu alitembea taratibu, akainama kutazama nyayo, akangoja. Costancia naye akajikuta anangoja. Akavuta kigoda karibu na pazia, na siku zilizofuata kigoda kikakaa hapohapo.

Jioni moja alimuuliza Editha, kwa sauti ya mtu asiyejali, lile pori liko nchi gani.

"Ulaya, mama," Editha alisema huku akimenya vitunguu.

"Ulaya gani? Ile miti kwetu haipo."

Editha akacheka mpaka machozi ya vitunguu yakachanganyika na ya kicheko.

Siku walipoanza kusemezana haikupangwa. Nickson alikuwa amejilaza kwenye majani ya runinga, bunduki imeelekezwa kwenye uwazi, naye anatazama kushoto. Upande wa kulia, nyuma ya kisiki, akatokea nguruwe. Alikuwa na manyoya marefu kuliko wa kwao, lakini pua ilikuwa ileile, na ule ufidhuli wa kufukua ardhi ya watu ulikuwa uleule. Costancia alihisi mkono unamchoma ndani ya plasta.

"Kulia kwako," akasema.

Nickson aligutuka, pedi ya kuchezea ikamponyoka, na nguruwe akaingia msituni. Costancia alijishika mdomo. Amemsemesha mkwe, tena kwa amri, tena kwa ajili ya nguruwe.

"Asante, mama," Nickson akaiambia runinga.

Sasa, daktari alikuwa ameagiza kwamba vile vidole vilivyochomoza kwenye plasta vichezeshwe mara kwa mara, la sivyo vitakakamaa. Editha alimkumbusha mama yake kila jioni. Costancia alivikunja mara mbili tatu, akaumia, akaacha. Mabishano hayo Nickson aliyasikia yote, kwa kuwa nyumba ile haikuwa na siri.

Asubuhi moja alikwenda kumfungia mteja dishi. Alipotoka, Costancia alikuta mashine imeachwa inawaka, stuli imesogezwa karibu na pazia, na juu ya stuli kuna kitenge kilichokunjwa vizuri, na juu ya kitenge kuna pedi. Costancia aliizunguka ile stuli kama mtu anayeuzunguka mtego. Halafu akakaa.

Siku ya kwanza haikuwa ya kusimulia. Alitumbukia mtoni, akagonga miti, akapiga risasi mawingu. Bunduki yenyewe ilikuwa ndefu na nzito, ikiyumba kila alipoiinua, na kitufe cha kufyatulia kilikuwa chini ya kidole cha shahada cha mkono wa kulia, ambacho hakikutaka kujikunja. Alipomsikia Nickson anafuta viatu mlangoni, akarudisha pedi juu ya kitenge, akaingia chumbani na kujifanya amelala, kama msichana aliyeiba embe.

Kesho yake stuli ilikuwa palepale, lakini bunduki ilikuwa nyingine. Mtutu wake ulikuwa mfupi, na chini yake palikuwa na miguu miwili ya kuegemea ardhini, hivyo haikuyumba tena. Kufyatua kulikuwa kumehamishiwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ulikuwa umeachiwa kazi moja nyepesi: kubonyeza kidogo ili darubini ifunguke. Kazi hiyo aliuma meno akaifanya, kwa kuwa bila darubini huoni kitu. Ilimchukua muda kung'amua kwamba alikuwa akifanya mazoezi ya daktari. Alipong'amua, aliiweka pedi mapajani, akalitazama pazia la mlango wa mbele kwa muda mrefu.

Ndani ya mchezo ule kulikuwa na karakana. Ukiingia, bunduki yako inaning'inia katikati na kuzunguka polepole, na kila sehemu yake unaweza kuibadilisha: mtutu, kitako, darubini, mkanda, rangi. Maneno yalikuwa ya Kizungu lakini picha zilijieleza. Costancia aligundua mbao. Kile kitako cheusi cha plastiki kilikuwa kimemkera tangu mwanzo, kilifanana na mpini wa sufuria. Akazipitia mbao zote, akachagua moja nyekundu yenye mishipa, inayofanana na mkongo. Marehemu mumewe Filipo aliwahi kumchongea kinu cha mti huo.

Siku iliyofuata ule ubao ulikuwa umeng'arishwa na Nickson, na kuna nakshi ya majani inapanda kutoka kwenye kitako hadi karibu na mtutu. Costancia aliona ni mazuri ila yamezidi, kama bibi harusi aliyepakwa hina na jirani zake wote. Akafuta majani yote, akabakiza moja. Siku iliyofuata lile jani moja lilikuwapo bado, na mkanda wa bunduki umebadilishwa rangi ili uendane nalo.

Wakawa wanazungumza hivyo. Huyu akiweka hiki, yule anakijibu na kile. Costancia akipandisha darubini yenye kuona mbali, asubuhi anakuta imeshushwa ya kuona karibu lakini pana, nzuri zaidi kwa macho ya mtu mzima. Akirudisha mtutu mrefu, anaachiwa mrefu, ila miguu ya kuegemea inaongezwa kimo. Costancia hakukumbuka ni lini alianza kuamka mapema ili akaone kimebadilishwa nini.

Jambo moja tu walishindwa kuelewana. Nickson alikuwa ameweka kiwambo cha sauti, kile kichupa kinachofungwa mdomoni mwa mtutu ili mlio usisikike na wanyama wengine wasishtuke. Costancia alikitoa. Nickson akakirudisha. Akakitoa tena. Kilirudi, kikatoka, kikarudi. Mwishowe Nickson alimtuma Editha.

"Anauliza kwa nini unatoa kiwambo. Anasema ukipiga bila kiwambo wanakimbia wote, ndiyo maana hujawahi kuua hata mmoja."

"Mwambie mumeo mimi sitafuti nyama. Nataka watoke."

Editha akaenda, akarudi. "Anasema kule si shambani kwa mtu, ni porini kwao."

"Mwambie leo ni porini, kesho watakuwa shambani."

"Kwani mimi posta?" Editha akasema, akaenda kulala.

Kiwambo hakikurudi tena.

Mwishoni mwa mwezi wa nne plasta ilikatwa. Mkono uliotoka ndani yake ulikuwa mwembamba na wa kijivu, lakini vidole vilijikunja na kufunguka vyote. Daktari alifurahi, akamuuliza amefanya mazoezi gani. Costancia akamjibu kwamba alikuwa akifukuza nguruwe. Daktari akamtazama Editha, Editha akatazama dirishani.

Furaha hiyo ilidumu mpaka jioni, Costancia aliposema sasa anarudi kwake. Bonifas alikuwa amepiga simu: mahindi yamefika kiunoni, mwezi ujao yatabeba, na wenye pua zao wameshaanza kupita mpakani kuyakagua. Editha aliweka chini mwiko. Alisema shamba likodishwe. Alisema mama yake ana umri wa kupumzika, na mkono huo ukivunjika tena hautaunga. Wakavutana, kila mmoja kwa sababu anampenda mwenzake, na mavutano ya namna hiyo ndiyo yasiyoisha.

"Utalala juu ya ulingo na mkono huo?" Editha akauliza. "Baba hayupo. Ulingo wa pili atakaa nani?"

Miaka yote shamba lile lilikuwa na malingo mawili ya kulindia wanyama usiku, yeye upande wa barabara na Filipo upande wa kijito, wakiitana gizani ili asilale mtu. Tangu Filipo afariki, ule wa kijito ulikuwa umeanguka.

Nickson alikuwa amesimama kizingitini, ameitazama sakafu. Hakuwa amewahi kuingilia maneno mbele ya mama mkwe wake.

"Mama arudi," akasema. "Shamba nitamlindia mimi."

Editha alimuuliza atalilindaje naye kazi yake iko Mikumi. Hapo Nickson, akizungumza na mkewe ili mama mkwe asikie, akaeleza. Maduka ya pale mjini yana taa za ulinzi ambazo mtu akipita zinawaka zenyewe. Kile kijicho kinachowasha taa kinaweza pia kuwasha redio ya kadi, zile ndogo za sola ambazo kila mtu anazo. Nguruwe akipita, redio inalia mlio wa bunduki. Na bunduki wanayo. Mama mwenyewe aliitengeneza, haina kiwambo.

Ukiacha salamu, kwa mara ya kwanza tangu aje katika nyumba ile, Costancia alimjibu moja kwa moja. "Mlio mmoja watauzoea," akasema. "Nguruwe si mjinga."

"Basi tutatengeneza nyingi, mama."

Zikafuata siku ambazo Costancia alizikumbuka kwa muda mrefu. Mvua zilikuwa zimepungua na kibanda kimekauka, lakini Nickson hakurudi kibandani. Pazia likafungwa kwa kamba, kigoda kikaingia sebuleni, yeye upande huu na Nickson upande ule, runinga katikati yao. Walitengeneza bunduki kwa masikio. Mtutu mfupi ulitoa mlio mkavu, kama mlango unaobamizwa. Mrefu wenye risasi kubwa ulinguruma na kuacha mwangwi milimani. Kulikuwa na moja ya mitutu miwili iliyokohoa. Costancia alifumba macho, akasikiliza, akasema hii inatisha, hii ni ya harusi, hii irudishwe kitako cha mbao kwa kuwa plastiki inaipunguzia heshima. Nickson alimweleza kwamba kitako hakibadilishi sauti. Costancia akasema kinabadilisha. Kikarudishwa cha mbao.

Siku ya kwenda walifuatana wote wawili, na kisanduku cha redio na vijicho vimefungwa kwenye kitenge. Kabla ya kufunga chochote Costancia aliona ni adabu kupita kwa mwenyekiti wa kijiji, mama mmoja mpole aitwaye Yusta, waliyekuwa wakiimba naye kwaya. Yusta aliwakaribisha, akausifu mkono uliopona, akasikiliza habari yote. Nickson akamwashia mlio mmoja asikie.

Nje, mwanamke aliyekuwa akipita na ndoo alikuwa amesimama, amegeuka kuutazama mlango.

"Hapana, Mama Editha," Yusta akasema. "Nguruwe nawachukia kama wewe. Lakini umesahau tunakaa wapi? Kukiwa na maneno ya mipaka na mifugo kati ya wakulima na wafugaji, kuna kina mama hapa mlio kama huo wakiusikia wanafunga watoto mgongoni kabla hawajauliza. Siwezi kuwalaza macho kila usiku kwa ajili ya mahindi."

Costancia hakubisha. Alimjua mama mmoja wa namna hiyo, tena kwa jina. Aliaga, akatoka, akatembea mpaka shambani, na Nickson nyuma yake na kitenge chake. Mahindi yalikuwa yamependeza, na kila hindi lilivyopendeza ndivyo lilivyomtia uchungu. Akakaa kwenye tuta. Nickson alisimama mbali kidogo, akageuzageuza redio mikononi.

"Mama," akasema hatimaye, "kabla sijamwoa binti yako, nyie mlikuwa mnawafukuzaje?"

"Kwa mdomo. Tulikuwa tunapiga kelele."

"Basi naomba sauti yako."

Costancia alimwelewa papo hapo, na papo hapo akaona haya. Mama mkwe apayuke mbele ya mkwe wake? Nickson naye alielewa. Aliiweka simu yake juu ya kichuguu, akabonyeza, akamwambia kwamba inasikia, kisha akashuka kuelekea kijitoni, akavuka, akaendelea kwenda mpaka akawa mdogo.

Costancia alikohoa. Alianza polepole kama mtu anayebisha hodi. Halafu akamkumbuka yule dume aliyemtazama pale chini akiwa na mfupa umevunjika, na sauti ikaja yenyewe. Aliwaambia watoke. Aliwaambia hawana haya, wanene kwa jasho la wajane. Aliwauliza kama mama zao waliwafundisha kulima. Akapiga ule ukelele wa zamani, mrefu, unaopanda na kukatika juu, ambao aliupiga kutoka ulingo wa barabarani.

Na alipoupiga ule, kwa mazoea ya miaka mingi, akangoja ujibiwe.

Kijito kilikuwa kinapita. Costancia akakaa chini, mgongo kwenye kichuguu. "Filipo," akasema kwa sauti ya kawaida, "umelala?" Akaendelea kuzungumza naye. Alimweleza habari za mkono, habari za Mikumi, jinsi Editha anavyosimama jikoni kutwa na kurudi miguu imevimba asiseme. "Na mkwe wako," akasema, "ni mtu wa kimya kama wewe. Nilimdhania mtoto. Lakini anajua kuona mkono unaouma, hata bila kuutazama. Ningependa kumshukuru, ila sijui niingilie wapi." Akafuta macho kwa upindo wa kanga, akasimama. Ndipo alipoiona simu juu ya kichuguu, kitaa chake chekundu kinawaka.

Hakujua jinsi ya kuizima. Nickson aliporudi, Costancia alikuwa ameshaanza kupalilia mahali pasipo na magugu.

Nickson aliihamisha sauti ile kutoka kwenye simu hadi kwenye kadi za redio, kisha wakazifunga redio kwenye nguzo, mbili upande wa barabara na mbili upande wa kijito. Jua lilikuwa linazama Nickson alipomwomba apite mbele ya kila moja aijaribu. Ya kwanza ikamwambia hana haya. Ya pili ikamuuliza mama yake alimfundisha nini. Ya tatu ikapiga ule ukelele mrefu, na ya nne, ng'ambo ya shamba, ikaamshwa na Nickson aliyekuwa anapita, ikaujibu. Costancia alisimama katikati ya mahindi yake. Alingoja kama kuna kingine kitakachofuata. Hakikufuata.

"Kuna maneno mengine," akasema, bila kumgeukia. "Yako wapi?"

"Nimeyaweka pembeni, mama. Yale si ya nguruwe."

Costancia aliitikia kwa kichwa. Baadaye kidogo, walipokuwa wanakusanya waya, alimwambia asante, na Nickson akasema haya, mama, na ikawa imetosha.

Nguruwe walikuja, na walikimbia. Nyayo zao asubuhi zilionyesha wameingia hatua chache na kutoka kwa kasi. Si wao peke yao waliokimbia. Bonifas, akikata njia kutoka kwenye pombe, alizomewa na redio ya barabarani kwamba amenona kwa jasho la wajane, na wiki nzima alikuwa mtu wa heshima sana. Watu walimuuliza Costancia anapata wapi nguvu za kupiga kelele usiku kucha na asubuhi akaonekana ameshiba usingizi. Yusta alikuja mwenyewe, akasikiliza, akasema hiyo sawa, kelele za Mama Editha kijiji kimezizoea tangu enzi. Mchezo wenyewe Costancia hakuuacha. Kila alipokwenda Mikumi kumjulia hali binti yake alikuta bunduki yake karakanani, na jambo dogo jipya juu yake la kujibu.

Karibu na mavuno, Editha na mumewe walikuja Jumapili kusaidia. Walimkuta Costancia amesimama ukingoni mwa shamba, mkono kiunoni. Nguzo moja ya kijitoni ilikuwa imeng'olewa, na redio haipo. Mistari michache ya mahindi nayo ililala. Nickson akaanza kuomba radhi, akisema angeichimbia zaidi, na Costancia akamnyamazisha kwa kidole.

"Sikiliza."

Mbali, chini kwenye matete, mwanamke alikuwa anafoka.

Wakaifuata sauti. Editha alibaki kuwasha moto wa chai, kwa hiyo wakaenda wawili, Costancia mbele, wakisimama kila inaponyamaza na kusogea kila inapoanza. Waliikuta kwenye tope la ukingo, imelala ubavu, alama za meno kila upande, na kila tete lililoyumba na upepo likiichokoza upya. Ilikuwa inawauliza samaki kama mama zao waliwafundisha kulima.

Nickson aliinama aizime.

"Muache amalize," Costancia akasema.

Ikamaliza. Akaichukua mwenyewe, akaisuuza tope kijitoni kwa ule mkono uliopona, akauliza kama itaishi. Nickson aliitikisa sikioni, akasema kadi ni nzima, spika imekunywa maji, ataibadilisha. Costancia akasema basi kama inafunguliwa, kuna maneno anataka kuyaongeza kuhusu wezi wa redio, kwa kuwa hao hakuwa amewafikiria. Akaanza kuyatunga njiani. Nickson alitembea nyuma yake na kisanduku kinachodondosha maji, na walipofika kwenye mahindi akapendekeza neno moja. Costancia alilionja mdomoni, akaliona kali kupita kiasi, akalibakiza.